Kuku wa Mmoloki

"Mwenye mkahawa asimame tumwone!"

Ndivyo alivyopaza sauti Shangazi Mma Tshiamo, tena bila hata kuinuka kwenye kiti chake cha kukunja, na kgotla nzima, baraza la mtaa wa Mmamokala, ikamuunga mkono. Asimame! Asimame! Mwezi mzima watu walikuwa wanamtukana mtu wasiyemjua, maana bango lililosimamishwa pale kiwanjani lilitangaza nyama ya mamba na baa, lakini kwa jina la kampuni tu, jina la kizungu lisilo na baba wala mama. Leo kikao cha mtaa kilikuwa kimekaa, na kila mtu alitaka kumwona kwa macho yake huyo mwenye moyo wa kuja kufungua mkahawa wa nyama ya mamba, na baa juu yake, katikati ya nyumba za Wakwena.

Sethunya alipiga kelele kuliko wengi. Kwa nini asipige? Kiwanja kile kilipakana ukuta kwa ukuta na shule yake ya chekechea, na yeye ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kwenye jua la Oktoba akiwaamsha watu. Akina mama aliwaambia habari za walevi watakaokojoa kwenye ukuta wa watoto. Wazee hakuwa na haja ya kuwaeleza sana. Akishataja mamba tu, mzee anatema mate pembeni na kuuliza kikao ni lini. Mkwena anamheshimu mamba kama jina la babu yake. Hamli, hamgusi, na akikutana naye mtoni anageuza uso asije akavimba macho.

Basi Sethunya alikuwa ameketi upande wa wanawake, kitambaa kichwani na shali mabegani kama heshima ya kgotla inavyotaka, sauti imeanza kumkauka, wakati mwanamume mmoja wa safu ya nyuma alipoinuka. Alivua kofia. Alikuwa na koti la kijivu.

Koti lile Sethunya alilijua. Alilipiga pasi yeye mwenyewe Jumapili.

"Ni mimi, Kgosi," alisema Mmoloki.

Jamani! Kuna mambo mtu huyaona na bado akili ikagoma kuyapokea. Sethunya aligeuka kwanza kutazama kama nyuma ya Mmoloki kuna mtu mwingine. Hakukuwa na mtu. Alikuwa Mmoloki wake peke yake, mpishi wa Serowe mwenye mwanya na mikono mipana, ambaye wajomba zake walikuwa waje Jumamosi alfajiri kwa baba yake kuomba maji. Ndivyo posa inavyoombwa huko. Mtu hasemi amekuja kuchukua binti, anasema ana kiu. Ng'ombe wa mahari walikwisha kuzungumzwa, blanketi za mashangazi zilikwisha kununuliwa.

"Huyu si mkwe wa Rra Sethunya?" sauti ya mwanamke ikauliza.

"Ndiye! Kumbe kikulacho ki nguoni mwako!"

"Baba mtu anatupigisha kelele, mkwe anachimba msingi!"

Baba yake Sethunya, ambaye mtaa mzima ulimwita Rra Sethunya kwa jina la huyo mtoto wake wa kwanza, aliketi upande wa wanaume, mikono miwili juu ya fimbo. Asubuhi ile alikuwa ameingia kgotla kifua mbele. Sasa mabega yalikuwa yameshuka, na Sethunya alipouona uso wa baba yake hasira ilimpanda mpaka masikio yakamvuma.

Kgosi Moiteela, chifu wa mtaa, alipiga meza kwa kiganja. "Nyamazeni! Hapa kila mtu ana haki ya kusema, hata anayesema vibaya. Lakini hamsemi, mnapiga kelele. Nendeni mkanywe maji, hasira zishuke, tutarudi."

Watu wakaanza kusambaa wakinong'ona. Sethunya hakunywa maji. Alitoka moja kwa moja mpaka nyuma ya kgotla, lilipoegeshwa lile gari dogo la mizigo la Mmoloki, akasimama kwenye mlango wa dereva ili asipate pa kukimbilia.

Hakukimbia. Alikuja polepole, kofia bado iko mkononi, akasimama hatua chache mbele yake na kumtazama kwa yale macho ambayo siku zote yalimlegeza.

"Usinitazame hivyo," alisema Sethunya.

"Nikutazame vipi?"

"Usinitazame kabisa!"

"Sethunya, nisikilize kwanza."

"Nikusikilize? Mwezi mzima wewe ndiye unayenisikiliza mimi! Nilikuja kwako miguu imevimba kwa kuzunguka mtaa huu, ukaniwekea maji ya moto kwenye beseni. Ukanikanda miguu, Mmoloki. Ukaniuliza, 'Leo mmewapata watu wangapi, mpenzi?' Nikakuhesabia! Nikakuambia nani yuko upande wetu na nani anasitasita! Mimi nadhani nina mchumba, kumbe nalala na adui yangu na ramani nampa!"

"Mimi si adui yako."

"Basi ni nani yangu? Niambie neno lake, maana mimi silijui."

Mmoloki alipitisha mkono kichwani. "Nilitaka kukuambia. Kila siku nilitaka. Ulikuwa ukiingia umekasirika, nasema, ngoja, kesho atakuwa ametulia. Kesho unaingia umekasirika zaidi."

"Lini ungeniambia? Baada ya harusi?"

Mmoloki aliitazama kofia yake mkononi, akaigeuza. 

"Kumbe baada ya harusi," alisema Sethunya taratibu, na machozi ya uchungu yakaanza kumchoma pua. "Nikiwa nimeshavalishwa blanketi ya ndoa. Nikiwa siwezi kurudi kwa baba bila aibu."

"Nimepika kwenye mahoteli ya watu Kasane mpaka nimechoka," alisema Mmoloki, sasa naye sauti ikipanda. "Nawapikia watalii, wananisifu, bosi anakula fedha. Watalii hao hao wanapita barabara hii ya Molepolole kila siku wakienda jangwani. Nikasema na mimi nijaribu. Viwanja vilikuwa vingi, Sethunya. Kile nilikichagua kwa sababu ya ukuta. Nilisema, huku mke wangu na watoto wake wanaimba, huku mimi na majiko yangu. Mchana tunaweka mlango mdogo hapo katikati, anakuja tunakula pamoja. Hiyo ndiyo dhambi yangu."

Ama kweli mapenzi hayana adabu. Katikati ya hasira zake zote Sethunya aliuona ule mlango mdogo. Alimwona Mmoloki ameinama kuupita, amebeba sahani mbili, aproni imemjaa unga.  Kama Mmoloki angenyamaza pale pale, na tena akamshika mkono, basi hadithi hii ingekuwa nyingine.

"Na mamba?" aliuliza Sethunya, sauti imeshuka.

"Mamba ni nyama."

Sethunya akamsogelea. "Sema tena."

"Ni nyama, Sethunya. Inafugwa shambani kama kuku. Nyeupe, laini. Watu wazima wanaogopa nyama!"

"Sawa. Nyinyi huko Serowe mnyama wenu wa mwiko ni paa, au siyo? Haya, Desemba nikija kwenu nimchune paa, nimkaange kwa vitunguu, nimwekee mama yako mezani. Nimwambie, 'Karibu mama, ni nyama tu.'"

"Mama yangu ni mtu wa zamani..."

"Nijibu!"

"Asingekula," alisema Mmoloki akitazama chini.

"Asingekula. Na wewe ungenirudisha kwetu siku hiyo hiyo. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu!"

Hapo ndipo Mmoloki alipofanya kosa lake. Mwanamume akishindwa kwa maneno, mara nyingi hutafuta la kumshinda mwenzake hata kama ni la kujichimbia kaburi.

"Kwani mnaogopa nini hasa?" alifoka. "Macho kuvimba? Mababu kukasirika? Baba yako ameila, Sethunya! Mbona macho yake yanaona mpaka leo?"

"Ameila nini?"

"Ile Jumapili nilipoleta kuku wa limau."

Mwanzoni Sethunya hakuelewa. Kisha aliikumbuka vizuri sana ile Jumapili. Yeye alikuwa jikoni akisonga ugali wa mtama, na aliporudi sebuleni sinia lilikuwa tupu na baba yake analamba vidole, anacheka, anamwambia Mmoloki kwamba kuku wa namna hii hajapata kumla tangu azaliwe. Mpaka leo alikuwa akiwasimulia majirani habari za kuku yule.

"Nilitaka aionje bila woga," Mmoloki aliharakisha, maana aliona uso wa mwenzake umebadilika. "Nilisema akiipenda, siku moja nitamwambia, tutacheka wote. Na aliipenda! Wewe mwenyewe ulimwona!"

 Angeweza kusamehe ukuta. Pengine angesamehe hata ule mwezi wa uongo, maana aliyependa husamehe mengi kuliko anayokiri. Lakini alimwona baba yake na vile vidole, na kile kicheko cha mzee aliyekuwa amefurahi kupata mtoto wa kiume, na kitu ndani yake kikakatika.

"Ulimlisha mzee wangu mwiko wake," alisema, "nyumbani kwake, kwenye sahani yake, akakushukuru."

"Sethunya..."

Kengele ya kikao ililia. Alimpita bila kumgusa.

Watu walikuwa wamekwisha kukaa. Kgosi aliuliza nani anaanza, na kabla Shangazi Mma Tshiamo hajakohoa, Rra Sethunya aliinuka kwa kuegemea fimbo yake.

"Kgosi, na ninyi watu wa kwetu," alianza. Sauti ilikuwa nzito. "Mmeona kilichonipata. Asubuhi nimekuja hapa kumfukuza mtu, kumbe mtu mwenyewe ni mkwe wangu. Nimekaa pale nimeona aibu. Lakini wazee walisema, mtoto akikunyea kiganjani hukati mkono. Unanawa."

Watu wakacheka kidogo. Mzee akapata nguvu.

"Mamba, hapana. Hilo msinisikie nalegeza. Mamba hauzwi Mmamokala mimi nikiwa hai. Na baa pia hapana, watoto wanasoma pale. Lakini kijana huyu ni mpishi. Nyinyi mnajua mimi ni mtu mgumu wa chakula. Huyu alikuja kwangu na kuku..."

"Habari za kuku tena!" mzee mwenzake akamtania.

"Ndiyo, tena! Kuku wa limau, laini, ukimtia mdomoni anakwisha mwenyewe. Nasema hivi. Kijana aondoe mamba, aondoe pombe, atuuzie kuku yule. Nani hapa anachukia kuku? Tutamaliza ugomvi na binti yangu ataolewa kwa amani."

Ikapita minong'ono, safari hii ya kukubali. Vichwa vikaanza kutikisika. Hata Shangazi Mma Tshiamo alisema, "Kuku siyo mbaya," na mwanamke mwenye mtoto mgongoni akasema watapata pa kununua chakula siku ya kuchoka. Kgosi mwenyewe alitabasamu, maana hakuna kgosi asiyependa shauri liishe bila uhasama.

"Mmoloki, umesikia," alisema. "Unasemaje?"

Mmoloki aliinuka haraka. "Nakubali, Kgosi. Nakubali yote. Mamba naondoa leo hii, baa naondoa. Nitauza kuku. Nashukuru, baba."

Alisema baba, na mzee akatabasamu. Halafu Mmoloki akamtazama Sethunya kupita vichwa vya watu wote. Macho yake yalimsihi kwa unyenyekevu ambao hajapata kuuona kwake, na Sethunya aliyasoma kama mtu anayesoma kitabu. Funika kombe mwanaharamu apite. Umepata yote. Mamba hayupo, baa haipo, baba yako amefurahi, Jumamosi wajomba wanakuja. Nyamaza tu, mpenzi wangu. Nyamaza.

Na angeweza, jamani. Tusimdanganye mtu. Alimpenda mwanamume yule mpaka mifupani, na mkononi alikuwa na kila alichokitaka, na bei yake ilikuwa kufunga mdomo. Lakini alimwona baba yake siku ya harusi, anawasimulia wageni habari za kuku wa limau. Alimwona Krismasi, anamwagiza tena. Aliwaona wajukuu wakicheza miguuni pake, naye anawafundisha kwamba sisi Wakwena mamba hatumli, na baba yao amekaa pembeni anasikiliza, anajua.

"Mma," Kgosi alimwita, "wewe ndiye uliyetuamsha. Tunataka kusikia neno lako kabla hatujafunga."

Sethunya alisimama. Aliiweka sawa shali yake.

"Kgosi, mimi neno langu ni dogo. Naomba mwenye kuku aseme kwanza. Mmoloki, mwambie baba yangu alikula nini."

Vichwa vikamgeukia Mmoloki.

"Tutaongea nyumbani," alisema Mmoloki kwa sauti ya chini.

"Hapa."

"Sethunya, usinifanyie hivi. Tafadhali."

"Mimi nakufanyia? Mimi?" Sasa sauti ilimtoka yote, hakujali tena kgotla wala kitambaa kilichokuwa kinamteleza kichwani. "Wewe umemwacha mzee asimame mbele ya watu ajivunie sumu yako! Umemsikia anakutetea, ukasema nashukuru, baba! Mwambie! Kama ni nyama tu, kama hakuna cha kuogopa, mbona ulimi umekuwa mzito? Mwambie!"

Rra Sethunya alikuwa bado amesimama. Alimtazama binti yake, akamtazama kijana. Tabasamu lilikuwa bado halijamtoka usoni, limesahaulika pale.

"Kijana," alisema, "anasema nini huyu?"

Mmoloki aliikunja kofia yake mpaka ikapoteza umbo. "Haikuwa kuku, baba."

Shangazi Mma Tshiamo ndiye aliyeelewa wa kwanza. Alitema mate mchangani, "Puu!", akajifunika uso na blanketi yake. Kisha wengine wakaelewa, safu baada ya safu. Wanaume waliruka kwenye viti, mmoja akataka kumfuata Mmoloki kwa fimbo, na Kgosi akalazimika kusimama na kunyoosha mikono yote miwili kama mtu anayezuia ng'ombe. Matusi yaliyotoka hapo hayaandikiki. Mmoloki hakujikinga wala hakurudi nyuma. Alisimama tu, uso umelowa jasho.

Rra Sethunya hakutukana. Alipitisha kiganja mdomoni, polepole, mara moja, halafu tena. Alipozungumza, watu walinyamaza ili wamsikie.

"Ungeniuliza, ningekataa."

"Ndiyo, baba."

"Ulijua ningekataa."

"Nilijua."

"Ndiyo maana hukuniuliza." Mzee alitikisa kichwa. "Mimi nilifurahi siku ile, kijana. Nilisema, huyu amekuja kwangu na chakula mkononi, huyu ni mwanangu. Sikukuuliza ni nini. Mtu hamuulizi mwanawe hivyo."

Mmoloki alianza kulia. Mtu mzima, na mwili ule, analia mbele ya kgotla, na wapo waliogeuza nyuso kwa haya.

"Kgosi," alisema mzee, "neno langu la kuku nalirudisha. Shauri la mkahawa mtalimaliza nyinyi, mimi kinywa changu leo hakifai. La Jumamosi halikuwa la kgotla, lakini kwa kuwa mmekwisha kutuona uchi, naomba mlishuhudie na hilo. Wajomba wa kijana huyu wanakuja kuomba maji kwangu. Anayeombwa yuko hapa. Sitamsemea."

Macho yote yakamgeukia Sethunya. Kitambaa kilikuwa kimeanguka na hakukiokota. Mmoloki alisogea hatua moja kuelekea upande wa wanawake, ambako mwanamume hasogei, na hakuna aliyemzuia.

"Nimekosa," alisema. "Kiwanja nauza. Kwa baba yako nitapiga magoti kila siku mpaka anisamehe. Lakini usinikatae, Sethunya. Nakupenda. Watu wote hawa wanasikia. Nakupenda."

Miaka miwili Sethunya alikuwa ameomba alisikie neno hilo mbele za watu, na kila mara Mmoloki alikuwa akicheka na kusema mambo ya ndani yabaki ndani. Machozi yalimshuka mpaka kidevuni, na hakuyafuta.

"Najua unanipenda," alisema. "Na baba yangu ulimpenda pia, ukamlisha. Waambie wajomba zako wasije."